Mtoto analia, mama yuko kwa dozi: usiache kunyonyesha

"Daktari, nimeanza antibiotiki jana na mtoto amelia usiku kucha. Nimwachishe ziwa kwanza?" Hapa kwenye kemisti yetu Eastlands, swali hili haliishi. (Mimi ni mfamasia, ila "daktari" nimeshaizoea.) Jibu langu karibu kila mara ni moja: nyonyesha na umalize dozi. Lakini mama aliyekwisha kuambiwa na majirani kwamba maziwa yake yameingia sumu haridhiki na jibu fupi, na ana haki.

Dawa ukimeza huingia kwenye damu, kisha kiasi kidogo hupenya hadi kwenye maziwa. Kwa amoksilini, kinachomfikia mtoto hakifiki asilimia 1 ya dozi ambayo angeandikiwa mtoto huyohuyo kama angekuwa yeye ndiye mgonjwa. Flukloksasilini na sefaleksini nazo hupenya kidogo tu. Kiasi hicho kinaweza kulegeza choo cha mtoto kidogo, au kumletea fangasi mdomoni: utando mweupe usiotoka ukiupangusa. Utando ukionekana, mtoto hutibiwa pamoja na chuchu za mama, la sivyo wataambukizana tena na tena.

Basi mbona analia? Tuanze na umri. Watoto wengi hulia zaidi wakikaribia wiki ya 6, hasa jioni, mama awe anatumia dawa au la. Halafu kuna ugonjwa wenyewe, kama unatibiwa titi. Titi likivimba, likawa jekundu na la moto, maziwa ya upande huo huongezeka chumvi. Mtoto anaonja, anaachia, anapiga kelele, na lawama inakwenda kwa vidonge. Tena titi lililojaa hukaza, chuchu inakuwa ngumu kushika. Kamua kidogo kwa mkono kwanza lilainike, kisha umpe. Ukiliacha bila kunyonywa wala kukamuliwa, unakaribisha jipu, na hapo hatuzungumzii vidonge tena bali kutolewa usaha.

Wanaohangaika na saa za kumeza huwaambia wameze mara tu baada ya kunyonyesha. Kwa amoksilini si lazima.

Dawa zinazonifanya niulize maswali zaidi ni chache. Flagyl ya kawaida, 400 mg mara tatu kwa siku, haizuii kunyonyesha, ingawa inaweza kuyapa maziwa uchungu na mtoto akakunja uso. Ukipewa gramu 2 kwa mkupuo mmoja, ushauri wa tahadhari ni kusubiri saa 12 hadi 24, ukikamua na kumwaga. Hapo tu ndipo nakubali maziwa yamwagwe. Septrin inahitaji uangalifu mtoto akiwa mchanga sana, amezaliwa kabla ya wakati, ana umanjano au ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu. Kama umeandikiwa ya kila siku kliniki, usiiache kivyako, zungumza nao. Na mara nyingine cha kuogopa si antibiotiki bali dawa ya maumivu iliyofungwa pamoja nayo: kodeini inaweza kumlewesha mtoto hadi apumue kwa shida. Omba parasetamo au ibuprofeni.

Kwa hiyo ukifika dirishani, taja umri wa mtoto kabla hujataja bei unayoweza. Na zile dawa za kutuliza tumbo ambazo shangazi hutuma wakati kama huu, mtoto wa chini ya miezi 6 hazihitaji, anahitaji ziwa.

Lakini mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 au zaidi, au mtoto wa umri wowote anayekataa kunyonya kabisa, aliyelegea, mwenye utosi uliobonyea au damu kwenye choo, huyo msimlete kwangu. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, na mbebe pakiti ya dawa ya mama.