Toleo la 57: siku Firefox ilipozima viendelezi vya watu wake

Tarehe 14 Novemba 2017, watumiaji wa kivinjari cha Firefox walikifungua kama walivyokifungua jana yake, wakakuta si kile walichokiacha. Vichupo vilivyokuwa na mabega ya mviringo vilikuwa na pembe kali. Kurasa zilifunguka upesi kuliko walivyozoea. Lakini aliyeingia kwenye ukurasa wa viendelezi, zile programu ndogo ambazo mtu hujipachikia mwenyewe ili azuie matangazo, apakue faili nyingi kwa mkupuo au apange vichupo vyake, alikuta baadhi yake, pengine vyote, vimesukumwa kwenye orodha ya pembeni ya viendelezi vya kizamani. Vimezimwa, wala hapakuwa na namna ya kuviwasha. Mbele ya kila kimoja palikuwa na kitufe cha kutafuta mbadala, na mara nyingi mbadala wenyewe haukuwepo.

Sisi tunaofundisha matumizi salama ya intaneti bado tunaulizwa swali ambalo siku ile ililiacha vichwani mwa watu: sasisho kubwa likija, nilikubali au nilizime? Jibu langu ni kulikubali. Ila silitoi jibu hilo kwa kumwambia mtu kwamba hasira yake haina msingi. Walionung'unika mwaka 2017 walipoteza kitu halisi, kitu walichokitumia kila siku kupata riziki. Kinachonitia wasiwasi ni kile ambacho baadhi yao walikifanya baada ya kukasirika.

Tuanze na sababu. Firefox ni programu ya chanzo huria, yaani msimbo wake, maandishi ambayo programu hujengwa kwayo, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha. Mizizi yake ni msimbo wa Netscape, kivinjari kilichoitangulia, uliofunguliwa kwa umma tarehe 31 Machi 1998, na toleo lake la 1.0 lilitoka tarehe 9 Novemba 2004. Enzi hizo kompyuta nyingi za nyumbani zilikuwa na kichakataji chenye kiini kimoja, na kivinjari kilifanya kazi zake zote ndani ya mchakato mmoja. Ukurasa mmoja ukikwama, vyote vinakwama. Viendelezi navyo viliandikwa kwa mfumo ulioitwa XUL, ambao ulimpa mwandishi uwezo uleule alionao mtengenezaji wa kivinjari chenyewe. Kiendelezi kiliweza kugusa menyu yoyote, kusoma faili za kompyuta, kubadilisha namna kichupo kinavyozaliwa na kinavyokufa. Ni kama kumpa mgeni funguo zote za nyumba pamoja na nyundo na msumeno.

Kwa mtumiaji ilikuwa raha. Hakuna kivinjari kingine kilichokubali kugeuzwa umbo kiasi kile. Kwa watengenezaji ilikuwa pingu, kwa sababu kila walipotaka kubadilisha kitu cha ndani, walikuta viendelezi vimejifunga kwenye kitu hichohicho. Ukihamisha nguzo moja, paa la jirani linaanguka. Na kiendelezi kibaya kilipopenya, hapakuwa na mlango wa kukizuia katikati.

Mnamo Agosti 2015 Mozilla, taasisi inayosimamia Firefox, ilitangaza kwamba XUL itaachwa na nafasi yake itachukuliwa na mfumo mpya wa WebExtensions. Katika mfumo huo kiendelezi hakiingii ndani moja kwa moja. Kinapitia milango iliyochongwa maalumu, na mtumiaji anaonyeshwa ni ruhusa zipi kinaziomba. Toleo la 48, Agosti 2016, likaanza kutenganisha kurasa na sehemu nyingine za kivinjari kwa baadhi ya watumiaji. Toleo la 54, Juni 2017, likazigawa kurasa katika michakato minne. Kisha likaja toleo la 57, lililopewa jina la Quantum.

Ndani ya toleo hilo kuna kazi moja ambayo ningependa uione kwa karibu. Unapofungua ukurasa wa habari, kivinjari hupokea maelfu ya vipande: aya, picha, viungo, vitufe. Kwa kila kipande lazima kiamue rangi yake, ukubwa wa herufi, umbali wake kutoka kwa jirani. Zamani Firefox ilivipitia kimoja baada ya kingine, kiini kimoja cha kichakataji kikihangaika huku vingine vitatu vimekaa bure. Sehemu mpya iliyoitwa Stylo iligawa vipande hivyo kwa viini vyote kwa pamoja, na kiini kilichomaliza fungu lake kilikwenda kuchukua kazi kwa mwenzake aliyelemewa. Stylo ilitoka katika Servo, mradi wa utafiti wa Mozilla, na iliandikwa kwa Rust, lugha ya programu ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Mei 2015. Rust ilihitajika kwa sababu ya kosa la kawaida: kazi mbili zinazoendeshwa sambamba zikigusa kumbukumbu moja kwa wakati mmoja, programu huharibika kwa namna ambayo ni taabu kuitambua. Rust hulikataa kosa la aina hiyo kabla programu haijaanza kuendeshwa. Mozilla ilikuwa imejaribu kazi hiyohiyo kwa lugha ya C++ na kushindwa. Yeyote aliyewahi kuandika programu atakwambia huo ni ufundi wa kuvuliwa kofia.

Kwa hiyo sifa zilikuja, na zilistahili. Mozilla ilisema kivinjari kilikuwa na kasi mara mbili ya kile cha mwaka mmoja nyuma, na hata waliokuwa wamehamia kwingine walirudi kukijaribu. Lakini upande wa pili sauti zilikuwa kali. Kiendelezi cha NoScript, kinachozuia programu zilizomo ndani ya kurasa zisijiendeshe, na ambacho watu wanaojali usalama hawaendi popote bila hicho, kilifika siku chache baadaye kikiwa na sura ambayo watumiaji wa miaka mingi hawakuitambua. DownThemAll, mashuhuri kwa kupakua faili, kiliandikwa upya kikarejea mwaka 2019. Vimperator, kilichowawezesha watu kutumia kivinjari bila kugusa kipanya, kilikufa. Tree Style Tab, kinachopanga vichupo kama mti ubavuni mwa dirisha, kilihamia mfumo mpya lakini hakikuweza tena kuuondoa ule mstari wa vichupo wa juu, hivyo mtu akawa na orodha mbili za kitu kilekile.

Ukisoma malalamiko ya wakati ule utaona watu wawili walioumia kwa namna tofauti. Yuko mtumiaji, na yuko mwandishi wa kiendelezi, ambaye kwa kawaida anajitolea usiku baada ya kazi inayomlisha. Huyu wa pili aliambiwa tangu 2015 aandike upya kazi ya miaka, lakini milango ya mfumo mpya aliyoihitaji mingine haikuwa imechongwa hadi miezi ya mwisho, na mingine haikuchongwa kabisa. Hapo ndipo nawalaumu Mozilla. Uamuzi ulikuwa sahihi, maandalizi yalipungua. Na mtumiaji wa kawaida ndiye aliyeambiwa mwisho. Tangazo la 2015 liliandikwa kwa lugha ya mafundi na kusomwa na mafundi. Yeye aliona alama ya njano ya tahadhari kwenye viendelezi vyake miezi michache tu kabla, kama aliiona.

Sasa, waliokataa toleo la 57 walifuata njia tatu. Wapo waliohamia toleo la muda mrefu, lile linaloandaliwa kwa ajili ya taasisi na kuitwa ESR. ESR 52 iliendelea kukubali viendelezi vya kizamani na kupokea marekebisho ya usalama hadi Septemba 2018. Hao walipata karibu miezi kumi ya kutafuta mbadala bila kuhatarisha chochote, nami nawapongeza. Wapo waliohamia matawi, yaani vivinjari vilivyotengenezwa na watu wengine kutokana na msimbo wa Firefox, kama Waterfox na Pale Moon. Hiyo ni haki ambayo leseni ya chanzo huria inaitoa waziwazi, na hakuna aliyeweza kuwazuia. Ugumu wa tawi ni kwamba timu ndogo inabeba mzigo wa kuziba mianya ambayo huko kwenye shina inazibwa na mamia ya watu.

Wa tatu ndio ninaowaonea huruma. Waligandia toleo la 56, wakazima masasisho, wakaendelea na kazi. Kwa wiki saba hivi walionekana wameshinda. Tarehe 3 Januari 2018 zikatangazwa Meltdown na Spectre, kasoro zilizomo ndani ya vichakataji vyenyewe. Ilidhihirika kwamba ukurasa wa wavuti unaopima muda kwa usahihi mkubwa sana unaweza kuchungulia kumbukumbu isiyo yake, mahali ambapo nywila inaweza kuwa imelala. Siku iliyofuata likatoka toleo la 57.0.4. Liliipunguzia usahihi saa ambayo kurasa huisoma, ikawa inahesabu kwa hatua za mikrosekunde 20, na likazima kipengele ambacho mshambuliaji angeweza kujitengenezea saa yake mwenyewe. Waliokuwa kwenye ESR 52 hawakuwa na kipengele hicho tangu awali, na marekebisho ya saa yakawafikia mwezi huohuo. Aliyekuwa kwenye toleo la 56 hakupata kitu. Kivinjari chake hakikumwambia lolote, kwa sababu yeye mwenyewe alikiambia kinyamaze.

Ndiyo maana nasema kasirika, andika, hama ukitaka, lakini usigande.

Upo upande mwingine wa jambo hili, nao ni imani. Mtu hukubali masasisho ya kujiendesha kwa sababu anaamini kinacholetwa ni kwa faida yake. Desemba 2017, mwezi mmoja tu baada ya Quantum, watumiaji wa Marekani waligundua kiendelezi kilichoitwa Looking Glass ndani ya Firefox zao, na hawakukiweka wao. Kilikuwa sehemu ya kampeni ya kuitangaza tamthilia ya televisheni, na maelezo yake yalikuwa fumbo lililoonekana kama ujumbe wa mdukuzi. Mozilla ilikiondoa na kuomba radhi. Ilikuwa ni kuichezea njia ileile inayopitisha marekebisho ya usalama, na sioni la kuitetea.

Linganisha na kilichotokea tarehe 4 Mei 2019. Cheti kinachotumika kuthibitisha saini za viendelezi kiliisha muda wake bila kuhuishwa, na viendelezi vikazimika duniani kote, kikiwemo NoScript ndani ya Tor Browser, kivinjari cha kuficha utambulisho kilichojengwa juu ya Firefox, kinachotegemewa na watu ambao kufahamika walipo kunaweza kuwagharimu uhuru wao. Lilikuwa kosa kubwa kuliko la Looking Glass. Dawa ya kwanza ilisambazwa kupitia mfumo wa majaribio, ambao ulimtaka mtumiaji aruhusu kwanza kukusanywa kwa takwimu zake. Wengi waliruhusu kwa sababu ya shida tu. Toleo la 66.0.4 lilipotoka kesho yake na mambo kutulia, Mozilla ilitangaza kwamba itafuta takwimu zote za watumiaji wote zilizokusanywa kati ya tarehe 4 na 11 Mei, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kumtofautisha aliyeruhusu kwa hiari na aliyeruhusu kwa kulazimika. Taasisi ikikosea hivi na kujirekebisha hivi, naweza kuendelea kumwambia mtu aache masasisho yawe wazi.

Kabla ya toleo kubwa la kivinjari chochote, soma maelezo ya toleo. Dakika tano zinatosha, na kinachoondolewa kwa kawaida hutajwa. Kama kazi yako inategemea kiendelezi fulani, angalia mwandishi wake alikigusa lini mara ya mwisho. Kimya cha miaka miwili ni dalili. Nakili folda ya wasifu wako, ambamo alamisho na nywila hukaa. Kwenye Firefox utaipata kwa kuandika about:profiles pale juu panapoandikwa anwani. Usirudi toleo la nyuma kwa kutumia wasifu uleule, kwa maana data iliyoandikwa na toleo jipya inaweza kuharibika ikisomwa na la zamani. Tangu toleo la 67, Firefox yenyewe hukataa kufanya hivyo.

Na ukiandika malalamiko, eleza ulichokuwa unakifanya na ambacho sasa huwezi kukifanya. "Rudisheni ya zamani" haimpi fundi pa kuanzia. "Nina vichupo sitini, nilivipanga kwa makundi kulingana na wateja, sasa vyote vimechanganyika" inampa. Firefox iliwahi kuwa na makundi ya vichupo, ikayaondoa katika toleo la 45 mwaka 2016. Watu hawakuacha kuyaomba, wakieleza mwaka hadi mwaka wanayatumiaje, hadi ombi hilo likawa miongoni mwa yaliyopigiwa kura nyingi zaidi. Vichupo vya ubavuni, vile ambavyo Tree Style Tab ilihangaika navyo, viliingizwa ndani ya Firefox yenyewe katika toleo la 136, Machi 2025. Makundi ya vichupo yakarudi mwezi uliofuata, katika toleo la 138.