Kuogelea mchangani ni nini?

Kuogelea mchangani ni kusafiri ndani ya mchanga mkavu bila kuacha shimo nyuma. Hapo ndipo panapotofautiana na kuchimba. Fuko akichimba hutoa udongo nje, na njia aliyoifungua hubaki wazi, kesho huipitia tena. Nyoka anayeogelea mchangani hana mlango wala ushoroba. Chembe humpisha mbele na kuporomoka nyuma ya mkia, na alipopita hapaonekani tundu.

Mfano mzuri ni nyoka pua-sepetu wa magharibi, Sonora occipitalis, ambaye vitabu vya zamani kidogo vinamwita Chionactis occipitalis. Anaishi katika majangwa ya Mojave na Sonora, kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Ni mdogo: wengi wana urefu wa sentimita 25 hadi 40, na unene wao haupiti sana ule wa penseli. Ana rangi ya maziwa au manjano hafifu, na mikanda myeusi au ya kahawia toka kichwani hadi mkiani. Binadamu hana la kuhofia kwake.

Mtazame kichwa kwa karibu. Pua ni bapa na imetokeza mbele ya mdomo. Taya la chini limezama ndani ya lile la juu, mfano wa droo iliyosukumwa ikaingia kabisa, kwa hiyo mchanga unaosukumwa na pua haupati ukingo wa kuufumbua mdomo. Matundu ya pua yana vali za kuzuia chembe. Magamba ni laini na yanang'aa. Tumbo nalo si la mviringo: limebonyea katikati na lina kona pembeni. Ule mbonyeo huacha nafasi chini yake isiyobanwa na mchanga, na humo ndimo mwili unapopanuka akivuta pumzi. Hewa yenyewe ipo tayari katikati ya chembe.

Mwendo wake ni wa mawimbi ya ubavuni. Kila pindo la mwili huegemea chembe zilizo nyuma yake. Chembe hizo zikishabanana hazisogei tena kwa urahisi, na nyoka hupata pa kujisukumia. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha Georgia Tech, mjini Atlanta, walichapisha matokeo ya kumpiga picha za eksirei akiwa chini ya mchanga, wakimlinganisha na mjusi aitwaye samaki-mchanga. Nyoka aliteleza kidogo kuliko mjusi, na mwili wake wote ulifuata karibu njia ileile iliyofunguliwa na kichwa. Sababu ni mbili: mwili mrefu mwembamba wenye mapindo mengi ya kujisukumia, na ngozi yenye msuguano mdogo.

Mbinu hii ina masharti magumu. Mchanga uwe mkavu, laini na usioshikamana. Ukilowa, maji huzifunga chembe pamoja na haziporomoki. Ardhi ikiwa ngumu au ya kokoto kubwa, pua haipenyi. Ndiyo maana mashamba ya kumwagilia na ujenzi humnyima makazi. Ndugu yake wa karibu wa eneo la Tucson, Arizona, aliingizwa mwaka 2010 kwenye orodha ya Marekani ya wanaosubiri ulinzi, akaondolewa 2014.

Mchana uso wa mchanga unaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, joto la kumuua haraka, naye hukaa chini kwenye ubaridi. Usiku hutoka kuwinda nge, buibui, tandu, mende na mabuu. Asubuhi kabla ya upepo, alama yake huonekana juu ya tuta: mstari mwembamba wa mawimbi, mara nyingi kutoka kichaka hadi kichaka, kisha unakatika ghafla. Hapo alizama. Majike hutaga mayai machache majira ya joto, kwa kawaida mawili hadi matano.

Tusimchanganye na Eryx colubrinus, nyoka mnene wa mchangani anayepatikana maeneo makavu ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Huyu hujifukia akabaki palepale, macho na pua vikichungulia, akingoja panya au mjusi apite. Hana sumu, huua kwa kukaba, na huzaa watoto badala ya kutaga. Wengi huuawa kwa kudhaniwa bafe. Bafe ana kichwa kipana kilichojitenga wazi na shingo. Huyu kichwa chake hakina shingo ya kuonekana, na mkia ni mfupi na butu. Afanyalo ni kujifukia, si kuogelea.