Bakteria wa tumboni na probiotiki: maswali na majibu

Tumboni kuna bakteria wangapi, na wana kazi gani?

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanaonyesha kuwa mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, na seli zake mwenyewe ni kama trilioni 30. Wengi mno wanaishi kwenye utumbo mpana. Huko ndiko zinakofikia nyuzinyuzi za mboga, matunda, kunde na nafaka zisizokobolewa, maana mwili wetu hauna vimeng'enya vya kuzivunja. Bakteria wanavyo. Wanazichachusha, na humo hupatikana asidi ya butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Ukikosa nyuzinyuzi, seli hizo nazo hupunguziwa mgao wao. Bakteria hao pia hutengeneza vitamini K na kuwabana vijidudu vya maradhi wasipate pa kukaa.

Je, kila kinachouzwa kwa jina la probiotiki ni probiotiki kweli?

Hapana. Kwa maelezo ya mwaka 2001 ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO), probiotiki ni vijiumbe hai ambavyo vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha humnufaisha kiafya anayevitumia. Mtindi uliopashwa moto sana baada ya kuganda hauna tena bakteria hai. Na kopo lililoandikwa tu "bakteria wazuri", bila kutaja aina wala idadi, halijakuambia lolote la maana, kwa sababu aina moja ikisaidia kuzuia kuharisha haimaanishi jamaa yake wa karibu naye atasaidia.

Daktari kaniandikia antibayotiki. Nitumie na probiotiki?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Antibayotiki haichagui: inaua kijidudu kilichokuletea ugonjwa na wenyeji wa tumboni pamoja, ndiyo maana wengine huharisha. Nafasi ikibaki wazi, bakteria aitwaye Clostridioides difficile anaweza kuongezeka na kuleta kuharisha kwa hatari. Majaribio mengi yameonyesha kuwa aina mbili za probiotiki, Lactobacillus rhamnosus GG na Saccharomyces boulardii, hupunguza uwezekano wa kuharisha wakati wa dozi. Huyu wa pili ni jamii ya hamira, kwa hiyo antibayotiki haimuui.

Lakini watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, walichapisha mwaka 2018 jambo la kufikirisha: waliopewa mchanganyiko wa probiotiki baada ya antibayotiki walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili kuliko walioachwa hivi hivi. Utafiti ule ulikuwa mdogo, ila mimi naona unatosha kutuzuia kumeza probiotiki kwa mazoea. Muulize daktari wako, na dozi ya antibayotiki itumie kama alivyoelekeza. Kwa mafua usiitumie kabisa, haiui virusi.

Nikiacha kutumia probiotiki, zitabaki tumboni?

Kwa watu wengi hupita tu, na baada ya siku au wiki chache hazionekani tena kwenye kinyesi.

Nani awe mwangalifu?

Watoto njiti, watu ambao kinga yao imeshuka sana, na wagonjwa mahututi. Kwao bakteria hai anaweza kuingia kwenye damu. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu watoto njiti hasa. Mtoto wa namna hiyo asipewe probiotiki bila uamuzi wa daktari anayemtibu. Na yeyote anayeharisha damu, mwenye homa kali au aliyeishiwa maji aende hospitali mara moja.