Mafuta ya meli: Mholanzi hachomi nusu tani
Gawanya mafuta ya meli yanayouzwa Rotterdam, bandari ya Uholanzi, yapata tani milioni 10 kwa mwaka, kwa Waholanzi milioni 18: kila mmoja anaangukiwa na zaidi ya kilo 500. Wengi huhitimisha kwamba Waholanzi ni wafujaji. Sivyo kabisa! Takwimu hurekodi mafuta yalikouzwa, si yanakochomwa. Tishari husogea ubavuni mwa meli ya makontena, bomba la mpira linaunganishwa, maelfu ya tani yanapakiwa. Stakabadhi inabaki Uholanzi, moshi unatoka njiani kwenda Singapore. Uswisi isiyo na bahari husomeka karibu sifuri, ilhali maduka yake yamejaa bidhaa zilizopita baharini. Ukilinganisha nchi, tenganisha kwanza safari za kimataifa na za ndani. Za ndani pekee ndizo huingia kwenye jumla ya hewa ukaa ya taifa.