zoxide haihesabu mara ulizoingia peke yake

Vijana ninaowafundisha terminali (dirisha la kuandikia amri) hapa Mombasa huniambia kuhusu zoxide, programu ya kurukia folda kwa kuandika kipande cha jina lake, "Mwalimu, zoxide hukupeleka kwenye folda uliyoingia mara nyingi zaidi." Sivyo. Hupima na muda pia.

Kila ukiingia, folda hupata alama 1. Ukija kuitafuta, alama hizo huzidishwa kwa 4 kama uliingia ndani ya saa iliyopita, kwa 2 kama ni ndani ya siku. Ndani ya wiki hugawanywa kwa 2, zaidi ya hapo kwa 4. Basi folda ya kilindini/ripoti, uliyoingia mara 20 lakini mwezi jana, ina 5. likoni/ripoti, mara 3, ya mwisho sasa hivi, ina 12. Ukiandika "z ripoti" (z ndiyo amri ya zoxide) utavushwa Likoni.

Kama ulitaka ya Kilindini, usifute kumbukumbu zote za zoxide, tafadhali! Iingie mara moja kwa njia yake kamili: 21 mara 4, ni 84.