Mtandao wa klasta "uende kasi": kasi ipi?

Klasta ni kompyuta kadhaa zilizounganishwa ili zigawane hesabu moja. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker waliunda ya kwao, Beowulf, huko NASA, Marekani, kwa prosesa 16 za aina ya 486 na Ethaneti (mfumo wa kuunganisha kompyuta kwa waya) ya megabiti 10 kwa sekunde, ile ile ya maofisini. Hapo hakuna utata. Kinachoniudhi ni mtu kusema "klasta yetu inajivuta, tununue swichi ya gigabiti" (kifaa kinachounganisha waya za kompyuta, cha megabiti 1000 kwa sekunde), kana kwamba kasi ya mtandao ni kitu kimoja.

Kuna kiasi cha data kinachopita kwa sekunde; hicho ndicho kinachoandikwa kwenye boksi la swichi. Halafu kuna uchelewaji: muda tangu programu ya huku iseme "tuma" hadi ya kule ipokee. Huo haumo kwenye boksi. Na ndio unaozitesa klasta nyingi, maana kompyuta zake hupeana vijiujumbe vifupi mara nyingi mno, kila moja ikikaa kungoja jibu la mwenzake.

Tupige hesabu. Fremu, yaani kifurushi cha data, iliyo ndogo kabisa kwenye Ethaneti ina baiti 64, yaani biti 512. Kwa megabiti 100 kadi ya mtandao huitoa kwa mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 5.12, kwa gigabiti, 0.512. Umeokoa nne na nusu hivi. Waya wa mita 20 nao hula 0.1 tu. Lakini TCP/IP, taratibu za kawaida za kutuma data mtandaoni, kwenye mashine za miaka ya 1990 ilikula makumi ya mikrosekunde: programu iite kernel (kiini cha mfumo endeshi), data inakiliwe, vichwa vyenye anwani viongezwe, kadi ikatize prosesa, kisha upande wa pili uyafungue yote hayo upya. Kupanua barabara hakupunguzi foleni ya kukaguliwa tiketi stendi.

Ndiyo maana watu wa Chuo Kikuu cha Genoa, Italia, walipotengeneza GAMMA miaka ya 1990, waliziacha kadi za dukani kama zilivyo. Walichobadilisha ni dreva (programu inayoendesha kadi) na kernel ya mfumo endeshi wa Linux: ujumbe uliikwepa TCP/IP, na ukifika tu ulishughulikiwa papo hapo. Wakashuka hadi mikrosekunde kumi na kitu, kwa megabiti 100 zile zile.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa swichi, kama unahamisha mafaili makubwa, nunua tu. Kama ni vijiujumbe, piga kwanza ping, amri ya kupima muda wa kwenda na kurudi, kati ya mashine mbili. Ikisoma milisekunde 0.2, hizo ni mikrosekunde 200 kwenda na kurudi, na swichi mpya itapunguza sehemu ndogo tu ya hizo.