Chumvi Haikimbiwi kwa Kuongeza Kina

Juzi tena, mkutano wa kijiji huku pwani ya Pangani: "Injinia, kisima kimeingia chumvi. Tuongezeeni kina, maji baridi yapo chini kabisa." Diwani akaunga mkono. Mkandarasi, anayelipwa kwa mita, akaunga mkono zaidi. Jamani! Chini kabisa kuna bahari.

Lita ya maji ya bahari huizidi ya mvua uzito kwa gramu 25 hivi. Hizo zinatosha kufanya maji baridi yaelee juu ya maji chumvi huko ardhini, kama mafuta juu ya mchuzi. Palipo na mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna kama mita 40 nyingine kabla hujaikuta chumvi. Watu wakisikia 40 wanachekelea. Haya, igeuzeni: pampu ikishusha maji kisimani kwa mita 1, chumvi inapata nafasi ya kupanda mpaka mita 40 kulifuata bomba. Haipandi siku hiyo hiyo. Ndiyo maana siku ya uzinduzi maji ni matamu, picha zinapigwa, na kilio kinakuja baadaye, kiangazi kikikaza.

Hiyo 40 yenyewe ni ya karatasini. Inachukulia kwamba maji hayo mawili yametengana kabisa, wakati kwenye mawe ya matumbawe yaliyojaa matundu, kujaa na kupwa kwa bahari kunayakoroga kila siku. Ukiniuliza kisima kitabaki baridi miaka mingapi, sina jibu ninaloweza kulitetea. Atakayekutajia mwaka, muulize anauza nini. Tena tukipima wingi wa maji mwezi wa nne, masika yamepamba moto, tumepima masika, Februari hatujaipima.

Na povu la sabuni si kipimo cha chumvi. Maji ya mawe ya chokaa ni magumu hata yasipokuwa na tone la bahari: sabuni inagoma, maharage hayaivi. Chumvi inataka kifaa chake, na kifaa kikae kijijini, siyo ofisini kwetu.

Kinachoniudhi hasa ni pampu. Enzi za dizeli, bei ya mafuta ilikuwa breki: kamati ikiishiwa hela, kisima kinapumzika. Sola imeiondoa breki hiyo, nasi tunafunga pampu kubwa ili tangi lijae kabla ya adhuhuri. Kwa nini? Piga hesabu. Sera ya Maji ya 2002 ilisema lita 25 kwa mtu kwa siku. Kijiji cha watu 2,000 kinahitaji lita 50,000. Visima viwili vifupi, vilivyoachana na kusogea mbali na ufukwe, vikitoa lita 2,500 kwa saa kila kimoja, vinazimaliza kwa saa 10. Pampu ndogo, mvuto wa taratibu, tangi kubwa. Mawingu ya masika yatapunguza saa hizo, sawa, lakini ndiyo kazi ya tangi. Haipendezi kwenye picha, najua.

Tena tusidharau kidogo. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita; yakichanganyika asilimia 2 tu kwenye kisima, chai inaanza kukusimulia. Na chumvi ikishaingia haitoki kwa kuzima pampu wiki mbili. Husubiri mvua za miaka.

Handeni, huko bara, ni kesi nyingine. Kule mwamba ni mgumu, maji yamo kwenye tabaka la juu la mwamba lililooza na kwenye nyufa, na kadiri unavyoshuka nyufa zinabana. Kuongeza kina kule kwa kawaida kunakuongezea vumbi na ankara.

Kibali cha bodi ya maji ya bonde la mto kinataja kiasi cha maji ya kuvuta, nacho hufungiwa kabatini. Mimi ningekibandika kwenye kibanda cha pampu, na mkandarasi alipwe kwa maji yanayonyweka kiangazi, siyo kwa mita.